Kutoka Garissa hadi Ng'ambo: Hesabu Safari Yote, Si Ndege Peke Yake

Familia nyingi za Garissa, Wajir na Mandera zina mtu ng'ambo. Kuna mtoto aliyehamia Minneapolis, mjomba aliye Columbus, binti anayefanya kazi Dubai, na kila mwaka kuna wazee wanaokwenda Makka kwa Umra au Hija. Ndiyo maana swali la "ni mbali kiasi gani, na ndege huchukua saa ngapi?" haliishi majumbani mwetu. Jibu lenyewe siku hizi halina kazi kulipata. Unaandika majina ya viwanja viwili kwenye simu, na papo hapo unaletewa kilomita na saa.

Namba hizo ni za kweli, lakini zinajibu swali dogo kuliko lile ulilokuwa nalo. Zinakuambia ndege itakaa angani kwa muda gani. Hazikuambii mama mwenye ugonjwa wa sukari atakaa muda gani bila kujinyoosha kitandani, wala kama daraja la Tana litapitika siku ya safari, wala kama saa mbili ulizoachiwa za kubadilisha ndege zitatosha kwa mzee asiyejua Kiingereza. Watu wa kwetu hukosa ndege wakiwa bado ardhini, na mara nyingi chanzo ni hesabu iliyofanywa nusu. Makala haya yanakusudia kukusaidia kuifanya nzima.

Kilomita za simu na kilomita za barabara

Umbali unaotolewa na programu za simu ni wa mstari ulionyooka juu ya uso wa dunia, uwanja hadi uwanja. Kutoka Uwanja wa Wilson, Nairobi, hadi uwanja wa Garissa ni kama kilomita 330. Hadi Wajir ni kilomita 500 hivi, na hadi Mandera ni 800 na kidogo. Dereva wa basi atakupa namba nyingine: kwake Garissa iko kilomita 370 hivi kutoka Nairobi, na Mandera ni zaidi ya kilomita 1,000, kwa sababu barabara hupinda kufuata madaraja na miji. Wote wawili wamesema kweli. Wewe jua tu ni kilomita za nani unazosomewa.

Jua pia ni kipimo gani. Programu nyingi hutoa maili, na maili ziko za aina mbili. Maili ya nchi kavu ni kilomita 1.609, na ile ya wanamaji na marubani ni kilomita 1.852. Nairobi hadi Minneapolis ni kilomita 13,150 kwa mstari ulionyooka, sawa na maili 8,170 za nchi kavu au 7,100 za marubani. Ukikuta namba tatu tofauti za safari ileile, angalia kipimo kwanza kabla ya kudhani kuna uongo.

Sisi wa Kaskazini Mashariki tuna njia rahisi ya kukagua umbali wa karibu wenyewe, kwa kuwa tunaishi juu ya ikweta. Mstari huo unapita karibu kabisa na mji wa Dadaab. Huku kwetu digrii moja ya ramani, iwe ya kwenda kaskazini au mashariki, ni kilomita 111 hivi. Uwanja wa Garissa uko digrii 0.46 kusini mwa ikweta na wa Wajir uko digrii 1.73 kaskazini, jumla digrii 2.19. Zidisha kwa 111, unapata kilomita 243. Kwa kuwa Wajir iko mashariki kidogo ya Garissa, umbali halisi unakaribia 250. Mwalimu wa jiografia anaweza kuifanya hesabu hii na darasa lake kwa dakika chache. Usiitumie tu kwa safari za Ulaya au Marekani, maana kadiri unavyoiacha ikweta, digrii za mashariki na magharibi huzidi kuwa fupi.

Jinsi ya kukadiria saa za angani

Ndege kubwa za abiria husafiri kwa kasi ya karibu kilomita 900 kwa saa zikishatulia juu, lakini hazianzi na kasi hiyo wala haziishi nayo. Hutambaa uwanjani, hupanda, hushuka, na mara nyingine huzunguka zikisubiri zamu ya kutua. Kanuni inayofaa nyumbani ni hii: gawanya kilomita kwa 850, kisha ongeza nusu saa.

Nairobi hadi Jeddah ni kilomita 2,560. Hesabu inakupa saa tatu na nusu. Nairobi hadi Dubai ni kilomita 3,560, na jibu ni saa tano kasoro. Nairobi hadi Amsterdam ni kilomita 6,680, yaani saa nane na dakika 20 hivi. Nairobi hadi New York ni kilomita 11,840, na jibu linakaribia saa 14 na nusu. Linganisha na ratiba, utaona tofauti si kubwa.

Ndege za mapangaboi zinazotoka Wilson kuja kwetu ni za polepole zaidi. Kwa zile za abiria arobaini au hamsini, gawanya kwa 500 kisha ongeza nusu saa. Wajir itakuwa saa moja na nusu, na Mandera saa mbili na dakika chache. Ikiwa ni ndege ndogo ya injini moja, ongeza tena, maana kasi yake ni ya chini zaidi.

Jambo moja huwashangaza wengi: kwenda na kurudi havilingani. Kenya Airways ilipoanza safari za moja kwa moja kati ya Nairobi na New York tarehe 28 Oktoba 2018, ratiba ilikuwa kama saa 15 kwenda na kama saa 14 kurudi, ndege ileile na viwanja vilevile. Sababu ni upepo. Huko juu, katika anga za kaskazini, kuna pepo kali zinazovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege ya kwenda Marekani hupambana nazo, na ya kurudi husukumwa nazo. Kwa hiyo anayempokea mgeni asitumie saa za kwenda kukadiria saa za kurudi.

Kwa nini ndege haifuati mstari wa ramani

Ukitazama ramani ya ukutani utadhani njia ya kutoka Nairobi kwenda Minneapolis inakata bara la Afrika kuelekea magharibi, kisha inavuka bahari ya Atlantiki. Chukua mpira uliochorwa dunia, uvute uzi kati ya miji hiyo miwili, na utaona uzi unapanda kaskazini-magharibi, unapita Ulaya Magharibi, ndipo unavuka bahari. Amsterdam iko karibu katikati kabisa ya njia hiyo: kilomita 6,680 kutoka Nairobi, na nyingine 6,680 hadi Minneapolis. Jumla ni kilomita 13,360, yaani umeongeza kama 210 tu juu ya mstari ulionyooka. Ukipitia Doha kisha Chicago, jumla inafika kilomita 15,300 na zaidi, ziada ya zaidi ya kilomita 2,000 na kituo kimoja cha kubadilisha ndege juu yake.

Hilo halimaanishi kwamba Doha, Dubai au Istanbul ni njia mbaya. Nauli inaweza kuwa nafuu, chakula ni cha halali, kuna mahali pa kuswali, na mzee anaweza kukutana na watu wa lugha yake. Ila ujue unacholipia. Wakala akikuambia "zote ni sawa", mwombe akuonyeshe saa zote za safari, kuanzia kuondoka Nairobi hadi kutua mwisho.

Vita na usalama navyo huikunja njia. Anga ya Sudan ilifungwa vita vilipozuka Aprili 2023, na ndege za Nairobi kwenda Ulaya zikalazimika kuizunguka. Kilomita za mstari ulionyooka hazikubadilika hata moja, lakini abiria alikaa angani muda mrefu zaidi.

Mfano mzuri kuliko wote uko hapa kwetu. Kwa miaka mingi Kenya ilizitaka ndege zinazotoka Mogadishu kwenda Nairobi zitue kwanza Wajir, abiria na mizigo yao wakaguliwe. Mogadishu hadi Nairobi ni kilomita 1,000 hivi moja kwa moja. Ukipitia Wajir ni kama 1,070. Kilomita 70 za ziada ni dakika chache angani. Lakini kushuka, kupanga foleni chini ya jua, kufunguliwa mabegi, kupanda tena na kusubiri ruhusa ya kuruka ni jambo la saa nzima au zaidi. Aliyepita hapo na mtoto mgongoni anaelewa kwamba kilomita hazisemi kila kitu.

Safari huanza barabarani

Watu wengi wa Garissa hufika Nairobi kwa basi, kupitia Madogo, Bangale, Mwingi, Matuu na Thika. Mambo yakienda vizuri ni saa sita au saba. Ziongezee vizuizi. Baada ya daraja la Tana abiria hushuka na kuonyesha vitambulisho, na kuna vituo vingine mbele. Mtu mmoja asiye na kitambulisho, au mwenye karatasi zinazotiliwa shaka, anaweza kulichelewesha basi zima. Kwa hiyo pasipoti, viza na tiketi visiwe ndani ya sanduku lililofungwa juu ya basi. Viwe kwenye mfuko ulio mkononi mwako, pamoja na kitambulisho cha taifa. Mkimbizi wa Dadaab asiondoke bila kibali chake cha kusafiri.

Kisha kuna mvua. Mwezi wa Novemba 2023 mafuriko yaliikata barabara ya Garissa na Madogo, na watu wakawa wanavushwa kwa boti. Aprili 2024 mafuriko yalirudi, na boti iliyokuwa imebeba abiria ikazama pale Kona Punda, karibu na Madogo, watu wakapoteza maisha. Nalieleza hili ili kusisitiza jambo moja: hakuna tiketi ya ndege iliyo na thamani ya kupanda boti iliyojaa kupita kiasi. Ukiwa na safari ya ng'ambo kati ya Machi na Mei, au kati ya Oktoba na Desemba, ingia Nairobi siku mbili au tatu kabla. Kulala kwa ndugu Eastleigh ni rahisi kuliko kununua tiketi mpya.

Kwa ndugu wa Mandera uzito ni mkubwa zaidi. Barabara ni ndefu, na mashambulizi kama lile la Novemba 2014, ambapo abiria 28 wa basi waliuawa, yaliwafanya wengi waone heri ndege. Wanaopanda ndege wakumbuke mambo matatu. La kwanza, ndege ndogo hutegemea hali ya hewa. Hewa ikiwa moto sana, mabawa hayapati nguvu ileile ya kuinua, ndiyo maana safari nyingi huwekwa asubuhi na mizigo hupunguzwa. La pili, kiwango cha mzigo ni kidogo, mara nyingi kilo 15 au 20, wakati tiketi yako ya ng'ambo huenda inakuruhusu masanduku mawili ya kilo 23. Masanduku hayo yatangulize kwa basi.

La tatu ndilo linalowaponza wageni wa Nairobi: ndege kutoka kwetu hutua Wilson, na ndege za ng'ambo huondoka Jomo Kenyatta. Viwanja hivyo viko kilomita 13 hivi kwa mstari ulionyooka, na zaidi kwa gari. Nairobi ikijaa magari, kilomita hizo zinakula saa nzima na ushee. Usipange ndege ya Mandera ya asubuhi na ya ng'ambo ya mchana siku moja. Ndege ya Mandera ikikwama kwa mvua, kampuni ya ile ya ng'ambo haina wajibu wa kukungoja. Kwenye tiketi soma herufi tatu za uwanja: WIL ni Wilson na NBO ni Jomo Kenyatta. Garissa ni GAS, Wajir ni WJR, Mandera ni NDE, Jeddah ni JED na Madina ni MED. Istanbul ina viwanja viwili, IST na SAW, vilivyo mbali mbali. Ukishuka kimoja na kupandia kingine, hiyo ni safari nyingine kabisa.

Saa za tiketi si saa za nyumbani

Sisi tunahesabu saa kuanzia macheo, na tiketi inahesabu kuanzia usiku wa manane. 04:30 kwenye tiketi ni saa kumi na nusu alfajiri. 16:30 ni saa kumi na nusu alasiri. Kosa la hapa ni kosa la nusu siku. Anayempigia mzee simu kumweleza safari asiishie kusema "saa kumi". Aseme "saa kumi alfajiri, kabla ya adhana", na aiandike kwa tarakimu pia.

Tarehe ni mtego mkubwa zaidi. Ndege nyingi za Nairobi kwenda Ulaya na Ghuba huondoka karibu na usiku wa manane. Tiketi ikisema 00:35, Jumamosi tarehe 14, ndege inaondoka dakika 35 baada ya usiku wa manane unaoanza Jumamosi. Kwa maneno yetu ni usiku wa kuamkia Jumamosi, na mtu anatakiwa awe uwanjani Ijumaa jioni. Anayekuja Jumamosi usiku amechelewa siku nzima. Chukua kalamu uandike pembeni mwa tiketi: "Tuwe uwanjani Ijumaa saa tatu usiku." Sentensi hiyo moja imeokoa safari nyingi.

Tena, kila saa iliyo kwenye tiketi ni ya mji unaotajwa pale. Jeddah iko sawa na Nairobi, Dubai imetangulia kwa saa moja. Minneapolis iko nyuma yetu kwa saa nane kuanzia Machi hadi mapema Novemba, na kwa saa tisa miezi mingine. Ndiyo sababu unaweza kuona ndege inaondoka Amsterdam 12:30 na kufika Minneapolis 14:30, ukadhani ni mwendo wa saa mbili. Ni saa tisa. Saba zimemezwa na tofauti ya majira.

Mfano wa hesabu iliyokamilika

Tuseme mama mmoja wa Bulla Iftin, Garissa, anakwenda kumtembelea bintiye Minneapolis mwezi wa Julai. Tuseme pia hakupata nafasi ya kutangulia kulala Nairobi. Anapanda basi saa mbili asubuhi na kushuka Eastleigh saa tisa alasiri: saa saba. Anapumzika, anaswali, anakwenda Jomo Kenyatta, na ndege inaondoka usiku wa manane: saa tisa nyingine. Anaruka hadi Amsterdam: saa nane na nusu. Anangoja ndege ya pili: saa tano. Anaruka hadi Minneapolis: saa tisa. Uhamiaji, mizigo na gari hadi nyumbani kwa binti: saa mbili.

Jumla ni saa 40 na nusu. Angani amekaa saa 17 na nusu, chini ya nusu ya safari. Kwa saa za Garissa ni saa sita na nusu usiku, siku ya tatu. Kwa saa za Minneapolis ni saa kumi na nusu alasiri, siku ya pili. Bintiye atakuwa na furaha, ameandaa chakula na kualika majirani. Namwomba binti huyo awaalike kesho yake. Mama anahitaji maji, chakula chepesi na kitanda.

Hesabu hii ndiyo ninayokuomba uifanye kabla ya kulipa. Andika vipande sita kwenye karatasi: nyumbani hadi Nairobi, kungoja Nairobi, ndege ya kwanza, kungoja njiani, ndege ya pili, uwanja hadi nyumba ya mwenyeji. Ukishajumlisha ndipo utajua kama tiketi iliyo nafuu kwa shilingi elfu kumi, lakini yenye kungoja saa 14 katikati, ni nafuu kweli kwa mtu wa miaka 70.

Kubadilisha ndege bila kupotea

Nunua safari nzima kwa tiketi moja. Ndege ya kwanza ikichelewa na ukakosa ya pili, kampuni ya ndege iliyotoa tiketi hiyo moja ina wajibu wa kukutafutia nyingine. Ukinunua tiketi mbili mbalimbali ili kuokoa pesa, hasara ni yako. Kwa mzee au mwenye watoto, usikubali muda wa kubadilisha ulio chini ya saa tatu. Omba kiti cha magurudumu mapema, angalau siku mbili kabla, hata kama mzee anatembea vizuri. Hakilipiwi, na anayekisukuma anaijua njia hadi mlango wa ndege ya pili.

Uliza kuhusu viza ya kupita. Mwenye pasipoti ya Somalia anahitaji viza ya kupita uwanjani katika nchi za Schengen, Uholanzi ikiwemo, hata kama hatoki nje ya uwanja, isipokuwa awe na kibali kinachomwondolea sharti hilo, kama viza halali ya Marekani. Mwenye pasipoti ya Kenya yuko chini ya utaratibu tofauti. Ndugu wawili wa nyumba moja wanaweza kuwa na pasipoti mbili tofauti, kwa hiyo kila mtu aulize kwa pasipoti yake.

Ukiingia Marekani, uhamiaji na mizigo hukaguliwa katika uwanja wa kwanza unaotua. Ukitua Chicago kabla ya kuunganisha kwenda Minneapolis, utachukua masanduku hapo Chicago, upite nayo ukaguzi, kisha uyakabidhi tena. Hapo saa mbili ni chache mno.

Na mizigo yenyewe: maziwa ya ngamia na samli ni vimiminika, na mkononi hairuhusiwi zaidi ya mililita 100 kwa chupa. Nyama kavu, hata ikaushwe vipi, Marekani inakataza abiria kuiingiza kutoka nchi zetu. Miraa usiiguse kabisa. Uholanzi iliipiga marufuku 2013 na Uingereza 2014, na Marekani na nchi za Ghuba zinaihesabu kama dawa ya kulevya. Hata ukiwa unapita tu, unaweza kukamatwa. Usipokee mfuko wa mtu mwingine, awe jirani au jamaa, bila kuufungua na kuona kilichomo.

Mwili, dawa na ibada

Anayekwenda Saudia apate chanjo ya uti wa mgongo angalau siku 10 kabla ya kufika, maana cheti kisichotimiza siku hizo hakikubaliki. Chanjo ya homa ya manjano nayo huhesabiwa siku 10. Hii pia ni sehemu ya muda wa safari, na huanzia kliniki.

Mwenye sukari amwone daktari kabla ya kuondoka wapange saa za dawa, kwa sababu akienda Minneapolis siku yake itarefuka kwa saa nane au tisa. Insulini ibebwe mkononi pamoja na barua ya daktari. Kwenye shehena inaweza kuganda. Katika safari inayozidi saa nne, kila baada ya muda simama, tembea, zungusha vifundo vya miguu na unywe maji. Damu ikilala miguuni huweza kuganda, na hatari ni kubwa zaidi kwa wazee na wajawazito.

Upande wa ibada, msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya swala, na wanaokwenda Umra moja kwa moja hadi Jeddah wengi huvaa ihramu kabla ya kupanda ndege, kwani mikati, mpaka usiovukwa bila ihramu, hupitwa angani kabla ya kutua. Anayesafiri Ramadhani kwenda magharibi ajue kwamba ndege inalikimbiza jua. Akifunga alfajiri ya Amsterdam na kuruka mchana, magharibi yake ataikuta Minneapolis, karibu saa saba baada ya ile ya Amsterdam. Dini imempa msafiri ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Mzungumzie imamu wako mapema, usingoje kuyaamua hayo ukiwa umedhoofika kwenye kiti.

Neno la mwisho kwa wenye safari

Watoto mlio ng'ambo, mnaponunulia wazazi tiketi, msianze na nauli. Anzeni na ile karatasi ya vipande sita, na muwasomee wazazi kwa simu kipande kimoja kimoja, kwa saa zetu na kwa siku zetu. Wazazi nanyi, msione haya kuuliza mara tatu. Na kila anayetoka Garissa, Wajir au Mandera kwenda kupanda ndege ya ng'ambo, iwe masika au kiangazi, alale Nairobi angalau usiku mmoja kabla. Gharama ya usiku huo ni ndogo kuliko gharama ya ndege iliyokuacha.